Bibi naye aruhusiwe kumwona mjukuu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nieleze jambo linalowaumiza wazee wengi hapa Tanga, hasa sisi akina bibi tuliolea wajukuu baada ya binti zetu kufariki dunia.

Binti yangu alipofariki, mwanawe alikuwa na miezi minane. Nilimlea hapa Makorora kwa miaka mitano, nikampeleka kliniki na baadaye chekechea, mpaka baba yake alipooa tena akaja kumchukua. Sikumzuia, kwa kuwa ni mwanawe. Kilichonivunja moyo ni kwamba tangu siku hiyo simu yangu haipokewi, na nilipopeleka malalamiko kwa viongozi wa mtaa niliambiwa kwamba mtoto ni wa baba, kwa hiyo nivumilie.

Jibu hilo si la sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 37, inamruhusu mzazi, mlezi au ndugu anayemtunza mtoto kuiomba mahakama amri ya kukaa naye, na kifungu cha 38 kinampa ndugu aliyekuwa akimlea nafasi ya kuomba kuonana naye kwa vipindi. Mahakama hutanguliza maslahi ya mtoto, huzingatia maoni yake aliyoyatoa kwa hiari, na huangalia pia umuhimu wa malezi yasiyokatizwa. Jambo hili la mwisho lilinitoa machozi afisa ustawi wa jamii aliponieleza, maana mtoto aliyezoea kulala ameshika pindo la khanga ya bibi yake hawezi kuondolewa siku moja, asisikie tena hata sauti ya aliyemlea, kisha ikadhaniwa kuwa hajui alichokipoteza.

Hata hivyo, wigo wa kifungu hicho ni mfinyu. Kwa kuwa kinamtaja ndugu aliyekuwa akimlea mtoto, bibi wa Pangani au Muheza ambaye mjukuu alikuwa akimjia wakati wa likizo tu atapata shida kuonyesha kwamba anahusika, ingawa mtoto anamfahamu na kumpenda. Ufaransa wameandika katika sheria yao ya kiraia, kifungu cha 371-4, kwamba mtoto ana haki ya kuwa na uhusiano na babu na bibi zake, na kwamba maslahi ya mtoto pekee ndiyo yanayoweza kuizuia haki hiyo. Naona huo ndio msingi ulio bora, kwa sababu unaanza na mtoto wala si ugomvi wa wakwe.

Nawaomba wabunge wa mkoa wetu walifikishe suala hili bungeni, na viongozi wa mitaa, badala ya kuturudisha nyumbani kwa neno la mdomo, watuelekeze kwa maofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Mimi siombi kumnyang'anya baba mwanawe. Naomba Jumamosi moja kwa mwezi, na simu ipokewe.

Bibi mzaa mama,
Makorora, Tanga.