Mawe ya mpaka yaonekane kabla ya kamba kuvutwa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaotoa vibali vya ujenzi.

Jirani yangu anajenga ghorofa. Nilimpongeza kwa dhati, maana kujenga ni jasho. Lakini mafundi wake walipovuta kamba za kuonyesha msingi utakapopita, walianzia kwenye ua wa miti, si kwenye jiwe la mpaka. Ua huo ulipandwa na watu waliokwishahama, tena bila kipimo. Nilipouliza, fundi mkuu akanijibu: "Mama, ni hatua moja tu."

Hatua moja si kidogo. Kitako cha msingi ni kipana kuliko ukuta tunaouona. Ukuta ukisimama juu ya mstari wa mpaka, zege lake limeshaingia kwa jirani chini ya udongo. Paa nalo hutokeza nje, na maji yake yatamwagikia kwangu, chini ya dirisha. Baya zaidi ni mtaro wenyewe wa msingi. Ukichimbwa kando ya nyumba kwa kina kinachopita msingi wake, bila kuegemezwa kwa mbao, udongo unaoibeba nyumba hiyo hulegea. Kwangu ufa umeanza kwenye pembe ya dirisha la jikoni. Nimeweka alama za penseli kwenye ncha zake na kuandika tarehe, nione kama unasonga.

Nilimwendea jirani mwenyewe na nakala ya ramani ya kiwanja. Ni muungwana, alisimamisha kazi, tukachangia gharama ya mpima ardhi. Jiwe lilikutwa chini ya kifusi, na mtaro ukaonekana umeingia kwangu. Umefukiwa, umechimbwa upya upande wake. Kuhusu ufa bado tunazungumza.

Tumesalimika kwa sababu hapakuwa na nondo wala zege bado. Ukuta ukishapanda, ni kubomoa au kwenda mahakamani. Na anayenyamaza ajue kwamba sheria za nchi nyingi zina kikomo cha muda wa kudai ardhi. Miaka ikipita, aliyeingia anaweza kupata haki ya kubaki. Barua yenye tarehe na picha, nakala ubaki nayo, iandikwe mapema.

Kwa hiyo nawaomba wakaguzi: msisubiri msingi ufunikwe ndipo mje. Fikeni siku ya kuvuta kamba, mawe yote yakiwa yamefukuliwa na majirani wa pande zote wakiwa wameitwa kuyaona.

Mwalimu mstaafu