Nilijisifia ua, sasa wifi anamchemshia mtoto

Anti, shikamoo.

Mimi ni mtafiti wa saratani za watoto. Nashinda maabara Dar, kwenye darubini, nikifuatilia uvimbe unavyoitikia dawa. Sitibu mtu, ingawa nikija kwetu Ngamiani, Tanga, kila mwenye jino bovu huletwa kwangu.

Mwezi wa tatu mtoto wa kaka yangu, miaka 6, alivimba taya. Wakadhani jino, wakaling'oa. Likalegea na la pili, jicho likaanza kufumba. Majibu yakaja: limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe za kinga za mwili, ile aliyoieleza daktari Denis Burkitt akiwa Uganda mwaka 1958. Hukua kwa kasi ya kutisha, lakini ikipata dawa hunywea upesi vilevile. Balaa lilianzia hapo. Dozi ya kwanza tu, haikupita wiki taya likarudi lilivyokuwa na mtoto akaomba chapati. Ya pili wakaenda. Ya tatu hawakwenda.

"Wifi, uvimbe unauona wapi?" ananiuliza, huku amemshika mwanawe kidevu, anamgeuza kulia, anamgeuza kushoto.

Na mimi nina kosa. Siku moja barazani nilimwonyesha yale maua madogo ya pinki yaliyojiotea kando ya karo, nikajisifu kwamba vinkristini, mojawapo ya dawa alizochomwa mtoto, asili yake ni mmea huohuo. Juzi nimekuta sufuria jikoni, majani yake yamechemka, mtoto anapewa kikombe asubuhi na jioni! Nikamweleza kwamba dawa ile hukamuliwa kwenye majani mengi mno, hupimwa kwa ukubwa wa mwili, huingia kwa mshipa tu, na mmea wenyewe ukinywewa ni sumu. Akanijibu, "Nyie mnataka mwanangu awe namba kwenye makaratasi yenu."

Liliniuma, maana nilijiweka kando makusudi; mtoto huyu hayumo kwenye utafiti wangu. Ila daftari la wengine ninalo. Wapo ambao safu yao ya mwisho imeandikwa "hakurudi", na kabla ya hapo, "uvimbe umeisha".

Kaka yuko baharini siku nyingi, akirudi anasema nimuulize mama mtoto. Nauli nimesema nitalipa mimi. Mama ananionya nisije nikavunja nyumba ya watu. Mwenzangu kazini anasema niende ustawi wa jamii, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mzazi ampe mtoto matibabu. Lakini nikiripoti, mlango ule sitaukanyaga tena, na nani atamwangalia huyu mtoto? Nisiporipoti, uvimbe ukirudi huwa mkaidi zaidi kuutibu. Dozi ilikuwa Jumatatu iliyopita.

Anti, nianze na nani? Na nimwambie wifi maneno gani asiyasikie kama ya maabara?

Shangazi mtu,
Tanga