Kwenye fukuto la kisiwani, kivuli cha msitu si dawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, najua zikiwa ndefu huwa mnazikata ila hii naomba msiikate katikati. Nimesoma ile makala yenu ya ukurasa wa michezo kuhusu kuendesha baiskeli za milimani kwenye visiwa vya ukanda wa joto, na mwanzoni nilifurahi kweli maana mchezo huu kupewa hata robo ukurasa ni bahati, kila siku ni mpira tu na habari za usajili. Sasa nikafika pale mwandishi anaposema kwamba ukitaka kulikwepa joto we ingia njia za msituni, kaa kivulini, kunywa maji mengi kadri unavyoweza, basi hamna shida. Hapo nikaweka gazeti chini. Jamani, ushauri huo utamlaza mtu hospitali, na mi nasema hivyo kwa sababu nimeshamfikisha mtu hospitali kwa ushauri wa aina hiyohiyo.

Kisiwani jua ni sehemu tu ya shida, kubwa zaidi ni fukuto. Hewa imeshiba mvuke wa bahari, haina pa kuliweka jasho lako. Na jasho, Ndugu Mhariri, halipoozi mwili kwa kutoka, linapooza kwa kukauka. Lile linalodondoka kutoka kwenye pua na kwenye viwiko likaishia kwenye fremu ya baiskeli limekupotezea maji na chumvi bure, halijakusaidia kitu. Watu wanajisifu eti leo nimetoka jasho hadi viatu vimejaa, kumbe hiyo ndo dalili kwamba mashine ya kupooza imegoma.

Nifanye hesabu kidogo, msinichoke. Mwili wa binadamu ukiendesha baiskeli, katika nguvu yote unayochoma ni kama asilimia 20 mpaka 25 ndo inafika kwenye pedali, iliyobaki yote inageuka joto. Kwa hiyo ukisukuma wati 200 kupanda kilima, ndani unazalisha joto la kama wati 700, yaani unapanda mlima umebeba pasi ya umeme tumboni. Kulitoa joto lote hilo kwa jasho peke yake unahitaji kama lita moja ikauke, narudia ikauke, kila saa. Kama nusu inadondoka basi utoe lita mbili. Na wengi wetu tumbo halipokei lita mbili kwa saa huku unapigwa mitikisiko ya mizizi na mawe.

Halafu kuna upepo. Mtu wa baiskeli ya barabarani anakwenda kilomita 30 kwa saa, anajitengenezea upepo wake mwenyewe hata siku isiyo na upepo. Sisi wa milimani tunapanda kwa kilomita 6 au 7, gia ya chini kabisa, unakaribia kupitwa na mtembea kwa miguu, hapo upepo utoke wapi? Sasa ingia msituni kama alivyoshauri mwandishi wenu: jua limepungua ni kweli, sikatai, lakini majani yamezuia upepo wa bahari, udongo umelowa, hewa imesimama kama ndani ya chungu kilichofunikwa. Kuna siku niliona afadhali nipande njia ya wazi yenye jua na upepo kuliko ile ya kivuli, na wenzangu wakanicheka, mpaka tulipokutana juu.

Siku ya mwenzangu ilikuwa hivi. Tulikuwa wageni kwenye kisiwa, siku ya pili tu tangu tufike, tumeshika kinjia cha msituni kinapanda kwa kuzungukazunguka, mawe ya matumbawe yanachomoza kama meno. Yeye ndo mwenye nguvu kati yetu, siku zote anatangulia. Nikaona anabadilisha gia anaweka nzito badala ya nyepesi, tena kwenye mlima, nikadhani utani. Nikamwuliza umebakiza maji kiasi gani, akanijibu "bado wanakuja". Nani wanakuja? Akashuka, akaivua helmeti akaivaa tena nyuma mbele, akawa anahangaika na kamba ya kidevu kama mtoto anayejifunza kufunga viatu. Mwili ulikuwa unachuruzika jasho, na hili nalisisitiza kwa sababu tulishaambiwa aliyezidiwa na joto ngozi inakuwa kavu. Mara nyingi kwa anayefanya mazoezi siyo kavu, ni chapachapa. Ukisubiri ikauke utasubiri na mwenzio anakufa. Dalili ya kuogopa ni akili kuyumba: majibu yasiyoeleweka, kupepesuka, hasira zisizo na sababu. Joto la ndani la mwili likishapita 40 na akili ikaanza kuhama hiyo ni dharura.

Bahati kulikuwa na kijito chini kidogo. Tulimlaza ndani ya maji mwili mzima kasoro kichwa, mmoja kamshika mabega, mwingine anammwagia maji kichwani kwa chupa, tukamuacha humo mpaka alipoanza kututukana kwa maneno yenye maana. Ndipo tukampeleka hospitali. Mpangilio ndo huo, poza kwanza safirisha baadaye, maana kila dakika ubongo unavyokaa kwenye joto lile unaharibika. Pasipo na kijito lowesha nguo zote na umpepee kwa nguvu.

Kuhusu maji mengi kadri uwezavyo, hapo mwandishi kateleza vibaya. Ukinywa maji matupu kupita unachotoa, chumvi ya damu inazimuliwa, unapata kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, na wasiojua wanaona ni joto wanakuongezea maji mengine! Kunywa kwa kiu, weka chumvi kwenye maji au kwenye unachokula, na ujipime uzito kabla na baada ya safari. Ukirudi mzito kuliko ulivyoondoka ujue umekunywa mno.

Kingine ambacho makala haikugusa kabisa ni kuzoea. Mwili unajifunza joto, kama siku 10 mpaka 14 za mazoezi ya saa moja hivi kwenye joto lenyewe, maji ya damu yanaongezeka, jasho linaanza mapema na linatoka na chumvi kidogo. Tom Pidcock wa Uingereza kabla ya Olimpiki ya Tokyo alifanya mazoezi ndani ya hema lenye joto, akaenda kule Izu Julai 2021 akachukua dhahabu ya baiskeli za milimani akiwa na miaka 21. Sisi tulishuka bandarini leo, kesho tuko mlimani. Ujinga wetu, simlaumu mtu.

Na fukuto halimwonei binadamu tu, baiskeli nayo inaisoma namba. Breki za maji zinazotumia oili aina ya DOT, ile oili inanyonya unyevu wa hewani polepole. DOT 4 ikiwa mpya haichemki mpaka angalau nyuzi 230, ila ikishanyonya maji kiwango kinaweza kushuka hadi 155, na mteremko mrefu wa kisiwa chenye mlima wa volkano unazifikisha breki huko. Chukua Réunion, kile kisiwa cha Bahari ya Hindi, kule kwenye mbio za Megavalanche wanaanzia Maïdo, zaidi ya mita 2,000 juu, wanashuka mpaka pwani. Juu baridi, unatamani koti, kila mita 1,000 unazoshuka joto linapanda kama nyuzi 6, kwa hiyo unaingia kwenye fukuto mikono imechoka na breki zimeshachemka. Breki ikianza kuwa laini kama sifongo usijipe moyo, simama. Oili ibadilishwe kila mwaka, na kwa mtu wa kisiwani hata mapema zaidi. Beringi, cheni, spoku na chumvi ya bahari sitaki hata kuanza, nitamaliza gazeti.

Ushauri wa mwandishi wenu wa kuondoka alfajiri naukubali, ila sababu aliyotoa ya hewa kuwa kavu asubuhi siyo. Alfajiri ndo hewa inakuwa imeshiba kuliko muda wowote, unapata nafuu kwa sababu jua halijatoka na joto limepungua kidogo, basi. Tena kisiwa kidogo bahari haikiachi kipoe sana usiku. Kinachosaidia zaidi ni kupanga kupanda kwako uwe upande wa goshini, unakopiga upepo, na kushuka uwe demani, upande uliokingwa na upepo. Mabaharia wanalijua hili toka enzi, sisi wa pedali tunachora njia kwa kuangalia kilomita na vilima tu.

Ombi langu, Mhariri, mkiandika tena msitupe nyuzi za joto peke yake. Nyuzi 30 kwenye hewa kavu na nyuzi 30 kwenye fukuto ni siku mbili tofauti kabisa. Kuna kipimo kinaitwa WBGT kinachojumlisha joto, unyevu, jua na upepo, UCI wenyewe, lile shirikisho la baiskeli la dunia, tangu 2024 wana utaratibu wa joto kali unaotumia hicho, na kikifika 28 wanahesabu ni eneo jekundu. Simu nyingi angalau zinaonyesha asilimia ya unyevu, anzieni hapo.

Mwenzangu yule bado anaendesha na bado ananiacha milimani. Ila siku hizi kila baada ya kona mbili tatu namtupia swali la kijinga, leo siku gani, saba mara nane ngapi. Anakasirika sana. Akikosea tunashuka.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Mpanda vilima