Mwanangu, kabla hujatusemea

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Tumekusikia redioni Jumanne ukijitambulisha kuwa msemaji wa kampuni za uwindaji wa kitalii. Mama yako alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza kuna harusi gani. Nikajisikia fahari. Halafu ukasema "wananchi wanaopakana na vitalu vya uwindaji wananufaika", nikanyamaza. Wananchi gani, mwanangu? Ulimuuliza nani hapa Liwale?

Kazi yako siipingi. Nimelinda pori hili miaka mingi nikiwa askari wa kijiji, na najua kitalu kikikosa gari la doria, majangili ndio wa kwanza kuingia. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na wanyama wake wamepungua zaidi ya nusu tangu hapo. Hilo liseme bila woga. Lakini na wewe utabanwa: Pori la Akiba la Selous lilikuwa na tembo zaidi ya 100,000 mwaka 1976, likabaki na kama 13,000 mwaka 2013, na kampuni za uwindaji zilikuwa humo humo. Utajibu nini? Usije ukakurupuka na takwimu uliyokabidhiwa asubuhi hiyo hiyo.

Watu wa mijini wanamjua Cecil, yule simba wa Zimbabwe aliyeuawa 2015 akiwa na kola ya watafiti shingoni. Wewe waeleze habari ya pua. Kanuni zetu zinataka dume apigwe akiwa na miaka 6 au zaidi. Dume kijana pua yake ni ya waridi. Umri ukienda, madoa meusi yanaingia moja moja mpaka weusi unatawala. Mwindaji bingwa anaivuta pua ile kwa darubini, anatazama na manyoya ya shingo, na akiwa na shaka anamwambia mgeni wake ashushe bunduki. Nimeshuhudia mgeni akirudi kambini amenuna, simba kabaki hai. Hiyo ndiyo habari ya kupeleka kwenye televisheni, si picha ya mtu anacheka juu ya mzoga. Na wakikuuliza kama mnyama anauawa, sema ndiyo, anauawa.

Ila usitusemee kabla hujaja. Tembo waliingia shamba la bibi yako mwezi wa tatu, mahindi yote chini. Fomu ya kifuta jasho tumejaza, ofisa kaja kapima, mpaka leo kimya. Nyama ya nyati inafika kijijini, hilo ni kweli. Fedha za kitalu je? Njoo ukae mkutano wa kijiji, usomewe mapato na matumizi kama sisi. Waulize akina mama wanaolima kandokando ya pori, usiishie kwa mwenyekiti.

Idi hukuja. Msiba wa shangazi yako hukuja, ukatuma pesa. Najua kazi zimekubana, lakini bibi yako alikuulizia siku zote tatu. Njoo kabla msimu haujafunguliwa Julai, ndipo urudi kwenye hizo redio.

Ufuta umebeba vizuri mwaka huu. Kaka yako anataka kuwauzia watu wa kangomba, wale walanguzi wa mazao, badala ya kungoja mnada. Mpigie umkanye, wewe anakusikia. Bati la jikoni limeng'oka upande wa kisima, tutalipigilia tukishavuna. Ukija mletee bibi yako dawa yake ya macho ya matone, hapa dukani imekwisha.

Baba yako