Mashine za hewa zisizimwe usiku

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme neno kuhusu uvundo wa mabwawa ya majitaka ya viwandani. Kila majirani wanapolalamika, jibu la kiwanda ni lile lile: mashine za kuingiza hewa zimeshafungwa na zinafanya kazi. Nimehudumia mabwawa ya aina hiyo kwa miaka mingi, na mimi ningeuliza jambo moja tu: saa nane usiku zinazunguka?

Harufu ile ya mayai viza huzaliwa pale oksijeni inapokwisha majini. Majitaka ya viwanda vya ngozi, nyama, sukari au karatasi yamejaa mabaki yanayooza. Bakteria huyala, na katika kuyala humaliza oksijeni. Akiba yenyewe ni ndogo: maji ya nyuzijoto 20 hayabebi zaidi ya miligramu 9 hivi kwa lita, na yakifika nyuzijoto 30 hushuka hadi kama 7.5. Ikiisha, bakteria wa aina nyingine hushika zamu. Hao hutumia salfeti, yaani chumvi yenye salfa iliyomo majini, badala ya oksijeni, na wanachotoa ni gesi ya salfaidi ya hidrojeni. Pua huinusa hata ikiwa chini kabisa ya sehemu moja katika milioni ya hewa. Ikifika sehemu 100 hivi, pua hufa ganzi. Mtu akadhani uvundo umeondoka, kumbe ndipo alipo hatarini.

Hewa ni dawa ya kweli, wala hailazimu kukoroga bwawa zima hadi chini. Tabaka la juu likibaki na oksijeni ya miligramu moja au mbili kwa lita, gesi inayopanda kutoka kwenye tope hugeuzwa njiani kuwa salfa au salfeti, vitu visivyonuka. Lakini tabaka hilo lazima liwepo saa zote.

Katika bwawa moja nililolihudumia, wakubwa waliamuru mota zizimwe saa nne usiku na kuwashwa saa kumi na mbili asubuhi ili bili ya umeme ipungue. Adhuhuri kipimo cha oksijeni kilisoma miligramu 2 kwa lita, kila mtu akaridhika, maana jua likiwaka mwani nao hutoa oksijeni. Usiku mwani huo huo huivuta. Nilikwenda na tochi saa kumi na moja alfajiri nikatumbukiza kipimo: 0.1. Maji ya kingoni yalikuwa meusi, viputo vidogo vikipanda na kupasuka mfululizo, na koki ya shaba kwenye kibanda cha pampu ilikuwa imegeuka nyeusi tii.

Saa kumi na mbili mota zote ziliwashwa kwa mpigo. Gesi iliyojikusanya majini usiku kucha ilirushwa hewani kwa dakika chache, kama chupa ya soda iliyotikiswa kisha ikafunguliwa. Hewa ya alfajiri imetulia, hairuhusu kitu kupanda, basi uvundo ukatambaa chini kuelekea kwenye nyumba, wakati watoto wanatoka kwenda shule. Majirani walihitimisha kwamba mashine ndizo zinazonuka, wakaomba ziondolewe! Siwalaumu hata kidogo. Waliona kilichotokea mbele ya macho yao, na hakuna aliyewaeleza kwamba kosa lilifanyika usiku, mota zilipozimwa.

Bwawa lililokwisha kuharibika huwashiwa mashine moja, kisha nyingine baada ya siku kadhaa, na iwe mchana, upepo ukivuma kuelekea kusiko na watu. Tope likijaa sana liondolewe, maana hula oksijeni hata mota zikiongezwa. Kunyunyizia manukato juu ya bwawa ni kuwadharau watu.

Na idadi ya mota haikisiwi kwa macho. Uchafu unaohitaji kilo moja ya oksijeni katika kipimo cha maabara hupangiwa kilo moja na nusu au zaidi bwawani, na mashine nzuri ya juu ya maji huingiza kilo moja hadi mbili kwa kila uniti ya umeme. Hesabu hiyo inaingia kwenye karatasi moja. Kiwanda kinachosema hakiwezi kumudu umeme wa usiku kiioneshe.

Ombi langu ni kwa wanaotoa vibali. Kipimo cha oksijeni kichukuliwe alfajiri, na kila mota ifungwe mita inayohesabu saa ilizozunguka. Mkaguzi anayefika saa sita mchana atakuta bwawa la kijani, mashine zinarusha maji, na hakuna harufu. Aje kabla jua halijachomoza.

Fundi wa mabwawa ya majitaka