Mahojiano yakikatwa, wasomaji waambiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nieleze jambo linalohusu kazi yako mwenyewe. Wasomaji wengi, na hata baadhi ya waandishi, huichukulia kazi ya uhariri kuwa ni kurekebisha tahajia, kuweka nukta na mkato mahali pake na kuhakikisha kwamba sarufi haijavurugika. Kazi hiyo ni ya lazima, nami nawaheshimu sana wasomaji prufu wanaoifanya, lakini ni sehemu ndogo tu ya uhariri. Sehemu kubwa ni kuamua kipi kibaki, kipi kiondoke na kipi kitangulie, na maamuzi hayo huigusa maana yenyewe.

Katika fasihi, mfano ulio wazi ni shairi la T. S. Eliot, The Waste Land, lililotoka mwaka 1922. Rafiki yake, Ezra Pound, aliupitia mswada akiwa na kalamu mkononi, akafuta sehemu ndefu, hata shairi likabaki karibu nusu ya urefu wake wa awali. Mswada huo ulichapishwa mwaka 1971 pamoja na mistari iliyokatwa na maoni ya pembeni, hivyo kila anayetaka anaweza kuona jinsi shairi lilivyopata umbo lake kwa kupunguzwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba Eliot aliiona mikato hiyo kabla ya shairi kuchapishwa, akaikubali.

Katika filamu, nguvu ya uhariri ni kubwa zaidi. Mwongozaji wa Kisovieti, Lev Kuleshov, alichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, akaiunganisha kwa zamu na sahani ya supu, maiti ndani ya jeneza na mwanamke aliyejilaza. Inasimuliwa kwamba watazamaji waliona njaa, kisha huzuni, kisha matamanio, wakamsifu mwigizaji kwa ustadi wake, ilhali uso waliouona ulikuwa ule ule mara zote. Hisia walizoziona zilitokana na mpangilio, yaani na kile kilichowekwa kando ya uso ule.

Nguvu hiyo hiyo iko mikononi mwa wanaohariri habari, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Mtu akisema, “Nitauunga mkono mpango huu, ikiwa tu wanaouishi watasikilizwa kwanza,” kisha sehemu ya pili ikaondolewa kwa sababu ya ufinyu wa nafasi, hakuna neno lililobaki ambalo hakulisema, na bado amesemeshwa asichokusudia. Redioni, enzi za kanda za sumaku, mkato wa namna hiyo ulifanywa kwa wembe na utepe wa gundi. Leo hufanywa kwa kompyuta katika sekunde chache, na sikio halina njia ya kuugundua. Kwenye televisheni, pale jibu lilipokatwa huwekwa picha ya mwandishi akitikisa kichwa kana kwamba anasikiliza, picha ambayo mara nyingi imerekodiwa baada ya mazungumzo kwisha. Gazetini hata picha hiyo haihitajiki, kwa kuwa sentensi mbili zilizosemwa nyakati tofauti zikiwekwa ndani ya alama moja ya kunukuu, msomaji huzisoma kama pumzi moja.

Mshairi na mwandishi wa riwaya huiona kazi yao kabla haijatoka, nao wana haki ya kubishana na mhariri. Anayehojiwa kwa kawaida huyakuta maneno yake yamekwisha kuchapishwa. Sipendekezi kwamba apewe mamlaka ya kuidhinisha mahojiano, kwa sababu wenye vyeo wangeyatumia kufuta kila jibu linalowaaibisha. Wala sidai kwamba kila neno lichapishwe, maana mazungumzo ya saa nzima, pamoja na kukwama na kurudiarudia kwake, yangemchosha msomaji na kumficha msemaji. Mhariri anayepunguza kwa uaminifu humsaidia msemaji aeleweke.

Ninachoomba ni kwamba msomaji aambiwe. Mahojiano yaliyofupishwa yawe na mstari mmoja chini yake unaosema hivyo. Maneno yaliyorukwa katikati ya nukuu yaonyeshwe kwa nukta dukuduku, yaani nukta tatu (...). Jibu lililotolewa kwa swali moja lisihamishiwe swali jingine kwa hali yoyote. Na masharti ambayo msemaji ameyafunga kwenye kauli yake yabaki nayo, hata kama itabidi aya nyingine nzima iondolewe ili nafasi ipatikane. Gazeti lako linaweza kuanza na mahojiano marefu, kwa kuwa huko ndiko mikato huwa mingi na ndiko wasomaji hunukuu zaidi wanapojadiliana.

Wako mwaminifu,
Msomaji wa gazeti lako