Barua ya malalamiko: Paipu ya mafuta mliyoniuzia ndiyo iliyokuwa ikizima injini yangu

Mmiliki wa boti ya abiria,
Utende, Mafia.
12 Februari 2025

Meneja,
Duka na Karakana ya Injini za Boti,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUUZIWA PAIPU YA MAFUTA ISIYOFAA, KISHA VIPURI VISIVYOHITAJIKA, KWA INJINI YA YAMAHA ENDURO YA FARASI 40

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa miaka mingi. Boti yangu ya faiba hubeba abiria na mizigo kati ya Utende, Chole na Jibondo, na wageni wanapokuja huwapeleka kuogelea kwenye matumbawe ya Ghuba ya Chole. Injini yake ni ya zamani, ya tustroki, silinda mbili, ya kuwasha kwa kamba. Sina ugomvi na injini hiyo wala na aliyeitengeneza. Ugomvi wangu ni na duka lenu pamoja na karakana yenu.

Juni mwaka jana nilinunua kwenu paipu mpya ya mafuta pamoja na pampu yake ya mkono, kile kifuko cha mpira kinachominywa kusukuma petroli, kwa Sh 140,000. Muuzaji alinihakikishia kuwa ni orijino na kwamba inavumilia petroli. Risiti ya EFD ninayo. Paipu ya zamani ilikuwa imeanza kupasuka kwa jua, nami nikaona ni heri nilipe zaidi nipate kitu cha kudumu, kwa sababu paipu ya mafuta si kitu cha kubahatisha baharini.

Kaskazi ilipoanza, injini ikaanza kusumbua. Asubuhi inawaka kwa mvuto wa kwanza, inatulia vizuri kwenye sailensa, yaani ikiunguruma taratibu bila kusukuma boti, inatoka ufukweni bila shida. Nahodha akifungua mafuta hadi mwisho, inakimbia kwa muda mfupi, halafu nguvu inapungua, inakohoa na kuzima. Akisubiri kidogo inawaka tena kana kwamba haijawahi kuugua. Akienda polepole, anafika. Na kila inapozima, pampu ya mkono inakutwa imenyonywa, imelala bapa, kisha inajaa yenyewe taratibu.

Tuliisafirisha injini kwa boti hadi Nyamisati na kwa gari hadi Dar es Salaam, pamoja na tangi letu na paipu yake. Nahodha alieleza yote hayo mapokezi, na kadi ya kazi inasema hivi, kwa mwandiko wa mfanyakazi wenu: "Inazima ikipewa mafuta mengi. Pampu ya mkono inalala."

Ndugu Meneja, naomba usome tena maneno hayo ya mwisho. Pampu ya mkono ikilala bapa injini ikiwa inakimbia, maana yake injini inavuta mafuta na yanayotoka nyuma hayatoshi. Mahali pa kuangalia ni pachache mno: tundu la hewa kwenye mfuniko wa tangi, chujio la bomba la kunyonyea ndani ya tangi, viungio, na kipande cha paipu kinachotoka kwenye tangi hadi kwenye hiyo pampu. Kabureta, inayochanganya petroli na hewa, iko upande wa pili kabisa wa pampu hiyo. Kabureta ikiziba, pampu ya mkono hubaki imejaa na ngumu. Na moto wa plagi ukikatika, pampu haina sababu yoyote ya kulala. Kazi hiyo yote ya kuangalia haihitaji kipuri hata kimoja kutoka rafuni. Inahitaji fundi afungue mfuniko wa tangi, kisha abadilishe paipu kwa dakika chache aone kama ugonjwa unahama.

Mafundi wenu hawakufanya hivyo. Mara ya kwanza walisema moto wa plagi unakatika injini ikipata joto, wakaniuzia CDI, kifaa cha umeme kinachotoa moto wa plagi, kwa Sh 280,000. Injini ikarudi Mafia na ugonjwa wake uleule. Mara ya pili walisema kabureta imechoka, wakaniuzia mpya kwa Sh 420,000. Gharama ya ufundi kwa mara zote mbili ilikuwa Sh 200,000. Kabureta yangu ya awali ilibaki karakana na sijarudishiwa mpaka leo, ingawa ni mali yangu na hakuna aliyenionyesha ubovu wake.

Nilipouliza imekuwaje kila nikija kuchukua injini naambiwa imejaribiwa na inafanya kazi vizuri, ndipo nikapata jibu lililonistaajabisha. Injini ilijaribiwa kwenye pipa la maji, kwa tangi la karakana na paipu ya karakana. Tangi langu na paipu yangu vilikuwa vimewekwa kando ukutani. Kwa hiyo ugonjwa mliuacha ukutani, mkatibu kilichokuwa kizima! Isitoshe, ndani ya pipa injini haiwezi kupewa mafuta hadi mwisho kama inavyosukuma boti yenye watu, na kadi ya kazi ilisema wazi kwamba ugonjwa huo hutokea ikipewa mafuta mengi.

Nilipopiga simu mara ya tatu, mhudumu alinijibu kwamba tatizo ni petroli chafu ya visiwani, na kwamba kwa umri wa injini hii ushauri wao ni ninunue mpya ya forstroki. Kuhusu petroli, sikatai kwamba maji huingia. Mafuta yanayokaa kwenye madumu huvuta unyevu, na yule anayeuza kwa dumu hajui dumu lilibeba nini jana yake. Lakini kila mwenye boti huku anajua namna ya kuyapima: unachota mafuta kutoka chini ya tangi, unayaweka kwenye chupa ya kioo, unayaacha yatulie. Petroli ni nyepesi kuliko maji, hivyo maji hujitenga na kukaa chini, unaona mstari wake kwa macho. Tulipima, hapakuwa na maji wala uchafu. Boti nyingine hapa Utende zilikuwa zinatumia mafuta yaleyale bila kukohoa.

Kuhusu umri, nasema hivi. Injini hizi zimejaa pwani yote na maziwa yote ya nchi hii kwa sababu fundi anaweza kuzifungua ufukweni kwa spana chache na bisibisi. Hazina kompyuta. Hitilafu ya mafuta kwenye injini ya namna hii hufuatwa hatua kwa hatua kutoka tangi hadi kabureta, na haiwezi kujificha mbele ya fundi mwenye subira. Kumwambia mwenye injini nzima aitupe kwa sababu hamkuangalia paipu ni kumdhulumu.

Aliyeupata ugonjwa ni fundi wa hapa Kilindoni. Hakuja na kipuri. Aliomba tangi na paipu ya boti ya jirani, akaziunganisha, akamwambia nahodha aipeleke Chole na kurudi na watu ndani, mafuta yakiwa yamefunguliwa hadi mwisho. Injini ilikwenda na kurudi bila kupunguza sauti. Akarudisha tangi letu lakini akaacha paipu ya jirani, ikaenda vizuri tena. Akarudisha paipu yetu, ikafia katikati ya ghuba.

Kisha akaichana paipu kwa kisu mbele yetu, kuanzia upande wa tangi. Kwa nje ilikuwa nyeusi, laini, haina ufa. Kwa ndani kulikuwa na utando mwembamba uliobanduka kutoka kwenye mpira kama gamba la nyoka, umejikunja, na ukiugusa unanata kidoleni. Ukipuliza kwa mdomo hewa inapita, na ndiyo sababu mtu anaweza kuiona nzima. Injini ikivuta kidogo, mafuta hupita pembeni ya utando huo. Ikivuta kwa nguvu, utando unafyonzwa, unaziba njia, injini inakufa, kisha unalegea tena. Vilevile kijivali cha ndani ya pampu ya mkono kilikuwa kimevimba. Petroli ilikuwa inaila paipu ambayo mlisema inavumilia petroli.

Kwenye paipu hiyo hakuna maandishi yoyote, mwanzo hadi mwisho. Paipu ya mafuta iliyotengenezwa kwa ajili ya boti kwa kawaida huchapwa kiwango chake ubavuni, kwa mfano ISO 7840 au ISO 8469. Nyinyi mnaouza vitu hivi kila siku mnalijua hilo kuliko mimi. Naomba mniambie mlinunua wapi paipu hizo, na mlitumia kigezo gani kuniambia ni orijino.

Na hapa ndipo malalamiko yangu yanapozidi suala la fedha. Injini ya tustroki haina oili yake peke yake. Oili imo ndani ya petroli, tunachanganya 50 kwa 1, yaani mililita 400 kwa lita 20. Injini ikikosa mafuta ikiwa kwenye mwendo mkubwa, inakosa na oili papo hapo, wakati ambapo joto liko juu kabisa. Fundi alipofungua kichwa cha injini alikuta ukuta wa silinda ya juu umekwaruzika. Ingeendelea hivyo, pistoni ingeganda. Sasa inahitaji pistoni na ringi mpya.

Siku moja injini ilizima kwenye mlango wa Kinasi, maji ya bamvua yakiwa yanakupwa. Anayepajua hapo anajua maji yanavyotoka ghubani kwenda bahari kuu. Ndani kulikuwa na abiria, miongoni mwao mama mwenye mtoto mgongoni aliyekuwa anarudi kutoka kliniki. Nahodha alitupa nanga haraka na nanga ikashika, boti ya wavuvi wa Jibondo ikaja kutuvuta. Jaketi za kuokolea zilikuwepo, kwa kuwa bila hizo hatupiti ukaguzi wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini. Lakini ni baada ya CDI yenu na kabureta yenu, na baada ya kuambiwa injini imepona, ndipo watu hao walipanda boti yangu wakiwa na imani.

Kwa hiyo nadai yafuatayo. Mnirudishie Sh 140,000 za paipu, kwa kuwa haikufaa kwa kazi mliyoniuzia. Mzichukue CDI na kabureta, ambazo nitazirudisha, mnirudishie fedha zake Sh 700,000 pamoja na Sh 200,000 za ufundi, kwa sababu hazikutibu chochote na hazikuwa na sababu ya kuuzwa. Mnirudishie kabureta yangu ya awali. Mlipie pistoni, ringi na kazi ya kurekebisha silinda. Makadirio ya fundi nimeyaambatanisha.

Jambo la tano sitakubali lipuuzwe hata mkinilipa yote. Mziondoe dukani paipu za aina hiyo leo hii, na muwapigie simu wateja mliowauzia. Namba zao mnazo kwenye vitabu vyenu. Wengine wako Kilwa, wengine Pangani, wengine wako kwenye maziwa, na huenda sasa hivi wanabadilisha plagi na kusafisha kabureta wakitafuta ugonjwa ulio ndani ya mpira wasioweza kuuona.

Natarajia jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Nisipolipata, nitapeleka suala hili Tume ya Ushindani (FCC) chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na nitadai haki yangu chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inayomtaka muuzaji atoe bidhaa inayofaa kwa kazi aliyoelezwa na mnunuzi.

Paipu yenyewe nimeigawa vipande viwili. Kimoja nimekiambatanisha na barua hii, kimechanwa ili mkuu wa karakana aone utando kwa macho yake. Cha pili, pamoja na pampu ya mkono, nimekihifadhi. Mkitaka kutuma fundi wenu Mafia aje kukikagua, akaribie, nasi tutampokea vizuri.

Wenu,

Mmiliki wa boti,
Utende, Mafia.

Viambatanisho: nakala za risiti za EFD, nakala za kadi za kazi, makadirio ya fundi, kipande cha paipu.